Baba ana ng'ombe sabini Kaliua, nimwambie auze kwa ajili ya mazingira?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa mfugaji, nyumbani ni Kaliua mkoa wa Tabora, sa hivi niko chuo. Baba ana ng'ombe kama sabini na mbuzi wachache. Huku chuo na kwenye video za simu naambiwa ng'ombe wanachafua hewa kuliko magari, na kilo moja ya nyama inatumia maji lita elfu kumi na tano. Nikirudi likizo naona kweli ule msitu wa nyuma ya kijiji umebaki visiki. Nimwambie mzee auze? Naogopa ataniona shule imeniharibu."

Marahaba mwanangu. Swali lako lina mambo matatu, hewa, maji na msitu, na wengi wanayatia kapu moja alafu wanatoka na jibu rahisi la "acheni nyama" ambalo mtu wa Kaliua ukimpa anakuangalia tu. Mimi kazi yangu ni mifugo na malisho, na huku Tabora na Kigoma ndiko nilikotumia sehemu kubwa ya maisha ya kazi, kwaiyo nakujibu kwa mazingira ya kwenu. Na nakwambia mapema msimamo wangu: mzee asiuze wote, apunguze wale wasiozalisha, na kama kuna kitu cha kukaa nae kitako mkabishana basi kiwe ardhi, hewa iwe ya pili.

Tuanze na hewa coz ndo inayopigiwa kelele. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanacheua, na kule tumboni kwenye kifuko kikubwa kuna vijidudu vinavyovunja nyasi ngumu, sasa katika kuvunja vinatoa gesi ya methani na mnyama anaibeua. Watu wanadhani inatokea nyuma, hapana, nyingi sana inatoka mdomoni. Methani inapasha joto dunia karibu mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ukipima kwa miaka 100, na ukipima kwa miaka 20 inafika mara 80 hivi. Hiyo ni kweli na hakuna mtaalamu wa maana anayeibishia.

Ila hiyo ya "kuliko magari" ina historia yake. Mwaka 2006 FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti wakasema mifugo inachangia asilimia 18 ya gesi zote zinazopasha joto dunia zinazotokana na binadamu, zaidi ya usafirishaji wote. Shida ni kwamba upande wa mifugo walihesabu kila kitu, kuanzia msitu uliokatwa, mbolea ya shamba la chakula cha mifugo, mpaka nyama inafika sokoni, wakati upande wa magari walichukua moshi wa bomba tu, hawakuhesabu kutengeneza gari wala kuchimba mafuta yake. Watu wakalalamika na baadae hata ndani ya waandishi wenyewe ikakubalika kwamba ulinganisho ule haukuwa sawa. Mwaka 2013 FAO hao hao wakasema asilimia 14.5, na 2023 wakaja na kama asilimia 12. Bado ni nyingi sana, usije ukafurahi, ila sentensi ya kwenye video yako imetoka kwenye hesabu ya zamani na bado inazunguka tu.

Sasa njoo kwenye zizi la mzee. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, kwenye mwongozo wao wa 2006 walikadiria ng'ombe wa kawaida wa Afrika anatoa kama kilo 31 za methani kwa mwaka. Zidisha mara 70 unapata kilo 2,170. Zidisha tena kwa ile mara 28 ya joto la methani inakuja sawa na kama tani 60 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka (na hapo nimemhesabu ndama kama mkubwa, kwaiyo nimemwonea mzee kidogo). Gari dogo la kawaida Marekani linatoa kama tani 4.6 kwa mwaka. Yani zizi la baba yako ni sawa na magari 13 ya Wamarekani, na hilo zizi ndo linalisha ukoo mzima, linalima, limekulipia ada na siku kaka yako akioa litatoa mahari. Na kuna jambo jingine watu wanaliruka, methani haikai angani milele, inakaa miaka 12 hivi inavunjika. Kundi ambalo idadi yake haibadiliki kwa miaka mingi halirundiki gesi mpya juu ya ya zamani kama linavyofanya bomba la gari. Kundi linalokua ndo linaongeza joto. Na Tanzania kundi linakua, sa hivi tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, tuko kwenye nchi za juu kabisa Afrika, kwaiyo hapo hatuna cha kujitetea.

Hapa sasa ndo penyewe, soma taratibu. Mwongozo ule ule ulimchukua ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini, anatoa kilo 128 za methani kwa mwaka na maziwa kilo 8,400. Wa kwetu Afrika anatoa kilo 46 tu za methani, lakini maziwa kilo 475. Gawanya mwenyewe: kule ni gramu 15 za methani kwa kila lita, huku ni gramu 97, zaidi ya mara sita. Ng'ombe wetu mmoja mmoja hachafui sana, anakula kidogo, mwili mdogo, ila tunachopata kutoka kwake ni kidogo mno na gesi ameshaitoa. Sawa, wa kwetu analima pia na anatoa samadi na ni benki ya familia, kwaiyo sio haki gesi yote kuibebesha maziwa peke yake, nakubali. Lakini hata ukipunguza kwa huruma bado kuna upotevu.

Upotevu uko wapi? Nenda zizini asubuhi kabla hawajatoka, simama na mzee, hesabuni. Kuna mtamba ambae angeweza kuzaa mapema ila kwa njaa ya kiangazi anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne. Kuna jike amezaa, anakaa karibu miaka miwili ndo azae tena. Kuna dume la miaka sita halijauzwa, na ukilifuatilia utakuta kila masika linanenepa na kila kiangazi linapoteza karibu yote lililopata, mwaka unaofuata linaanza upya, na muda wote huo linabeua. Kuna jike zee halishiki mimba tena ila mzee analipenda coz ndo mama wa nusu ya zizi. Na mbaya kuliko wote, ndama aliyekufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, akiwa na miezi mitatu, maana mama yake amekula nyasi na kutoa gesi miaka miwili kwa ajili ya kiumbe ambacho hakikufika popote. Ukiniuliza mimi kitu kimoja tu cha mazingira ambacho mzee afanye, ntakwambia apeleke ng'ombe kwenye josho waogeshwe dawa ya kupe bila kuruka na awape ndama chanjo ya ndigana. Watu wa mazingira hawasemagi hivo, wanaona ni mambo ya wanyama, lakini ndama kumi waliopona wanakuruhusu uuze majike kumi ya mzigo.

Maji naenda haraka. Hiyo lita 15,000 kwa kilo ni namba halisi, watafiti walikokotoa wastani wa dunia lita 15,400 kwa kilo ya nyama ya ng'ombe, ila asilimia kama 94 ya hayo maji ni mvua iliyonyesha kwenye nyasi na mashamba ya chakula chao. Mvua ya mbuga ya Wembere ingenyesha hata kama hakuna ng'ombe hata mmoja Igunga. Namba inauma kwa mtu anayemwagilia shamba la majani jangwani, kwa mzee sio hiyo. Kwake maji ya kuhesabu ni yale wanayokunywa, kiangazi chukua lita 35 kwa ng'ombe kwa siku, ng'ombe 70 ni kama mapipa 12 kila siku, na swali ni wanakunywa wapi na wanaingiaje. Wakiingia wenyewe ndani ya lambo wanakanyaga kingo, wanakunya humo humo, udongo unaporomoka, baada ya miaka lambo limekuwa sahani. Na mtoto wa jirani anachota hapo hapo. Kuweka birika pembeni na kuzungushia lambo miiba sio gharama ya kutisha, kijiji kikiamua kinaweza. Kwa mto au ziwa sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingoni ziachwe bila shughuli za kuharibu, huku kwetu hiyo mita 60 inajulikana tu siku ya faini.

Sasa ardhi na msitu, hapa nitakaa.

Kwanza hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, kwa mwaka zaidi kidogo ya tani mbili. Mbuga ya kwetu mwaka mzuri inatoa tuseme tani mbili kwa hekta, na nyasi hutakiwi kuzimaliza, unachukua nusu, nusu inabaki ifunike udongo na irudishe mizizi. Kwaiyo ng'ombe mmoja anahitaji hekta mbili na kitu. Zizi la mzee ukiwahesabu ndama kama nusu nusu ni kama ng'ombe wazima 55, wanahitaji hekta 120 hivi, yani ekari 300. Mzee ana ekari 300? Hana. Majirani zake wenye makundi wana hizo? Hawana. Basi wanakula wapi, wanakula ardhi ya kijiji na msitu wa hifadhi, na kila mwenye zizi akiongeza ng'ombe mmoja anaona faida yake, hasara inagawanywa kwa kijiji kizima.

Utaonaje kwamba pamechoka? Usiangalie miti, angalia chini. Nenda mwezi wa nne nyasi zikiwa kijani, maana ndo zinadanganya watu, chuchumaa shika shina la nyasi uvute. Nyasi za kudumu zina kichaka cha mashina ya zamani chini na hazing'oki kirahisi. Ukivuta ikatoka na vimizizi vya kidole kimoja basi hiyo ni nyasi ya msimu, mwezi wa saba haitakuwepo, na udongo utakuwa uchi mpaka mvua za Novemba zije ziupige. Alafu tafuta magugu ambayo ng'ombe anayapita bila kuyagusa, kama ndo yameshika sehemu kubwa ujue walishakula kila kizuri. Angalia na njia zao za kwenda majini, zile njia nyembamba nyembamba, mvua kubwa inageuza kila moja kuwa mfereji na mfereji unakuwa korongo. Korongo hilo halitokei chuoni kwenye mjadala wa methani, lakini ndilo linalokula shamba la mama yako.

Kuhusu visiki ulivyoviona, naomba usimbebeshe ng'ombe msalaba wote. Tabora msitu wa miombo ulilindwa muda mrefu na mbung'o, ndorobo, ugonjwa wanaoueneza, ilikuwa inaua ng'ombe kwaiyo makundi makubwa hayakuingia. Wakulima walipofungua mashamba ya mahindi na tumbaku, kichaka kikapungua, mbung'o wakapungua, dawa nazo zikapatikana, ndo wafugaji toka Shinyanga na kwingine wakasogea, Kaliua, Urambo, Sikonge, mpaka Uvinza kule Kigoma. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia, na mkaa wa mjini nao unatoka huku huku. Kwaiyo aliyekata mti mara nyingi sio mchungaji, ila ng'ombe akishaingia baada ya shoka msitu haurudi, maana machipukizi yanaliwa, na mwezi wa tisa na wa kumi mtu anawasha moto apate nyasi changa, huo moto wa mwisho wa kiangazi ni mkali, unaua miche yote. Angewasha mwezi wa tano au wa sita nyasi zikiwa na unyevu moto ungepita kidogo kidogo. Mimi moto wa Oktoba unaniudhi kuliko kubeua kwa ng'ombe wote wa Tabora, na sisemi hivyo kwa utani. Hekta moja ya miombo ikifyekwa na kuchomwa, miti ya juu ya ardhi tu inaachia angani tani 70 mpaka 100 hivi za kaboni dayoksaidi. Rudi kwenye ile namba ya zizi la mzee, tani 60 kwa mwaka mzima. Umeona? Hekta moja, shoka na moto, imezidi mwaka wa ng'ombe 70.

Na kwa dunia ni hivyo hivyo, kule Amazon sehemu kubwa kabisa ya msitu uliokatwa imegeuzwa malisho. Kwetu pa kuogopea ni bonde la Malagarasi na Muyovozi, lile ni ardhioevu lililoandikishwa kimataifa mwaka 2000, la kwanza Tanzania, hekta zaidi ya milioni tatu. Kiangazi makundi yanabanana kuelekea humo coz ndo kwenye kijani na maji. Maji ya pale yanateremka mpaka Ziwa Tanganyika, udongo ukimomonyoka huku juu mvuvi wa Kigoma anaupokea. Kuna wanaosema basi tuache nyama tule samaki, sawa, lakini ziwa lenyewe mwaka 2024 ilibidi uvuvi usimamishwe toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti samaki wapumue. Hakuna kitoweo cha bure.

Dawa ya malisho wazee wa Kisukuma wanayo, kama mzee wako ni wa asili ya huko muulize habari za ngitili uone atakavyochangamka. Unatenga eneo la nyasi, masika yote hakuna mnyama kuingia, unafungua Agosti au Septemba kwa ndama, majike yanayonyonyesha na maksai tu. Halina waya, linalindwa na sheria za kimila, anayeingiza ng'ombe kabla ya muda anakutana na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na faini yake. Shinyanga ilikuwa imefika pabaya sana, miti ilifyekwa tangu ukoloni kuua mbung'o, ikaja pamba, ikaja mifugo, mpaka watu wanaiita jangwa. Mradi wa HASHI, yani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza 1986 ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600, miaka ya 2000 mwanzoni zikapita hekta 300,000. Hawakuhamishwa ng'ombe, waliwekewa ratiba. Cha ajabu waliohamia Tabora wengi waliacha ngitili kule kule, coz huku waliona ardhi haiishi.

Kwaiyo mzee muombe vitu vichache. Atenge hata ekari ishirini za ngitili kwenye eneo lake, na aulize serikali ya kijiji kama mpango wa matumizi bora ya ardhi upo na malisho yamechorwa wapi, maana bila hilo kila mwaka ni ugomvi na mkulima. Auze mwezi wa tano au wa sita ng'ombe wakiwa wamenona, asingoje Oktoba awaburuze mnadani mifupa mitupu kwa bei ya kutupa. Aanze na lile jike zee, madume yaliyozidi miaka minne, na mitamba inayorudia joto kila mara. Akibaki na 45 waliolishwa, anaweza kupata maziwa na ndama sawa na wa hao 70 au zaidi, hilo nimeliona kwa wafugaji wa Nzega na Igunga waliokubali. Usimwambie "punguza ng'ombe kwa ajili ya dunia", mwambie hela ya wale ishirini na tano ijenge nyumba, inunue mashudu ya pamba na ichimbe kisima, ataelewa.

Na kiangazi cha mwaka huu asichome mabua ya mahindi. Mabua makavu yana lishe ndogo, na majani magumu namna hiyo ndo yanayotoa methani nyingi kwa kila kilo inayoliwa, ila unaweza kuyalainisha. Katakata kilo 100 za mabua, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 60 mpaka 80 za maji, nyunyiza tabaka kwa tabaka huku unakanyaga, funika kwa turubai isipite hewa, acha wiki tatu. Ukifungua harufu kali itakupiga usoni, yaache yapate hewa siku moja ndo walishwe, anza kidogo kidogo. Ndama chini ya miezi sita wasipewe. Na ndoo ya maji ya urea isiachwe uani hata dakika moja, na mfuko wake ufungiwe ndani, maana mbuzi au ng'ombe mwenye kiu akiyanywa anakufa siku hiyo hiyo na mzee hatasikiliza tena neno lako lolote kuhusu mazingira.